Maji ya Matema na kura ya New York

Tulikuwa tumeanua tanga asubuhi ile. Masufuria ya kuazima yalikuwa yamerudishwa kwa wenyewe, turubai limekunjwa, na ndugu wa mbali walikwishapanda Coaster kurudi Mbeya. Mimi nilishuka ufukweni Matema, Ziwa Nyasa, kumtafuta kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, maana alikuwa hajanywa chai.

Nilimkuta amesimama ziwani, suruali ameikunja, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Ni askari mstaafu wa JWTZ. Misibani ni mtu wa kuchimba kaburi na kunyamaza. Aliponiona akaniuliza bila salamu:

"Mdogo wangu, hapa niliposimama niko nchi gani?"

"Tanzania, kaka."

"Wenzetu wa Malawi wanasema hapana. Wanasema nchi yangu imeishia pale ulipovulia kandambili zako."

Nikageuka kuziangalia. Zilikuwa kwenye mchanga mkavu, hatua tatu hivi kutoka kwenye maji.

Kisha akanisimulia jambo ambalo miaka yote hakuwahi kunisimulia. Alikwenda Kongo na ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyotumwa mwaka 2013 kupambana na waasi wa M23, brigedi ya mataifa matatu: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Siku moja, kwenye foleni ya maji, akamsikia askari wa Malawi akinung'unika peke yake kwa Kinyakyusa. Mtu wa Karonga. Lugha yake ilikuwa Kingonde, lakini ukitoka Kyela huhitaji mkalimani. Wakawa ndugu. Mpaka leo wanapigiana simu, na mtoto wa yule bwana alipooa, kaka alivuka Kasumulu na mchele wa Kyela kilo hamsini.

"Kule tulikuwa upande mmoja," akasema. "Ile kura ya Ukraine kule Umoja wa Mataifa, Malawi wakasema ndiyo, sisi tukakaa kimya. Na kwenye maji haya tunatazamana tangu mimi sijazaliwa. Wewe unasoma haya mambo. Nchi yetu inasimama wapi?"

## Neno nililomjibu

Nilimjibu lile neno tunalolijua sote tuliosoma uraia. Nikamwambia nchi yetu haifungamani na upande wowote, inataka ujirani mwema na inaamini katika mazungumzo.

Aliniangalia kama mtu anayengoja sentensi imalizike.

"Halafu?"

Sikuwa na halafu.

Ilikuwa Juni 2025. Nilirudi Mbeya nikafungua duka langu la pembejeo pale Uyole, nikapanga mifuko, nikapokea wateja, lakini swali lile likakaa nami kama mawe ya kwenye mchele: unaweza kula, ila unatafuna kwa hofu. Nilimjibu mtu aliyebeba bunduki kwa jina la nchi hii maneno ambayo ningeweza kumjibu mwanafunzi wa kidato cha pili. Yeye alikuwa na haki ya kupata zaidi.

## Msimamo wenye mataruma

Baba yangu alikuwa fundi katika karakana ya TAZARA hapa Mbeya. Kwetu sera ya mambo ya nje ilitikisa vikombe kabatini. Treni ikipita usiku, mama alikuwa akiamka kuangalia kama glasi zimekaa sawa.

Baba hakusoma mbali, lakini alijua reli ile ipo kwa nini. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, zikajengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ili shaba ya Zambia isilazimike kupita kwa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na makaburu. Alikuwa akiiita Reli ya Uhuru, kama walivyoiita wengi, na alilitamka jina hilo kama mtu anayetaja kazi yake. Ukimuuliza nchi inasimama wapi angekuonyesha taruma. Msimamo uligongewa misumari milimani kati ya Mlimba na Makambako, na watu walikufa wakiugongea.

Iringa nao walikuwa na wao. Mgagao, kule Kilolo, kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe, na tamko walilolitoa pale mwaka 1975 ndilo lililosaidia kumpandisha Robert Mugabe katika uongozi wa chama cha ZANU. Wanakijiji wa nyanda za juu waliishi jirani na jeshi la nchi ambayo ilikuwa bado haijapata jina lake.

Na gharama ilijulikana. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaenda na maji. Mwaka huo huo Ujerumani Magharibi ilitubana tusiwape Wajerumani wa Mashariki nafasi ya uwakilishi, ikaanza kuondoa msaada wa kijeshi. Mwalimu akawaambia waondoe na uliobaki. Nchi ilikuwa na umri wa miaka minne.

Sitaki kuipaka rangi enzi ile. Miaka hiyo hiyo watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijijini, na mama yangu alipanga foleni ya sukari akiwa na mimba yangu. Baba mwenyewe alikufa akidai mafao. Lakini alikufa akijua reli ilijengwa kwa nini, na mimi, binti yake, sikujua kura ya 2022 ilipigwa kwa nini.

## 2 Machi 2022

Siku ile Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuilaani Urusi kwa kuivamia Ukraine. Nchi 141 zilisema ndiyo, 5 zikasema hapana, 35 zikajizuia. Tanzania ilikuwa kati ya hizo 35. Nchi za Afrika zilizojizuia zilikuwa 17, nasi tulikuwa pamoja na Uganda, Burundi, Msumbiji, Afrika Kusini, Zimbabwe.

Simama Mbeya uangalie ramani. Ukishika barabara ya Tunduma unaingia Zambia: Zambia ilisema ndiyo. Ukishika barabara ya Tukuyu mpaka Kasumulu unaingia Malawi: Malawi ilisema ndiyo. Sisi wa katikati tulijizuia.

Wakati ule niliiunga mkono kura yetu, tena kwa sauti. Hoja zangu zilikuwa hizi. Wapigania uhuru waliokaa kwenye ardhi yetu walipata silaha Moscow wakati London na Washington zikiwaita magaidi. Wakubwa wanaotutaka tulaani leo waliivamia Iraki mwaka 2003 na hakuna aliyewawekea vikwazo. Ngano na mbolea zinatoka huko huko wanakopigana. Mkulima wa Umalila hawezi kulipia ugomvi wa watu wa mbali.

Bado naziona ni hoja nzito. Ila ya kwanza ina tundu. Dola iliyowapa silaha ndugu zetu ilikuwa Umoja wa Kisovieti, na Ukraine ilikuwa ndani yake. Kuna wapigania uhuru wa Afrika waliofundishwa kushika bunduki Krimea. Kama ni deni la shukrani, tunalo kwa wote wawili waliokuwa wakiuana.

Na ile ya mkulima ilinirudia dukani kwangu. Bei ya mbolea ilikuwa imeanza kupanda kabla ya vita, vita ikaimalizia. Mfuko wa kilo 50 wa kupandia ulivuka laki moja. Nilikuwa nawaona watu wanaingia, wanauliza, wanaushika mfuko kwa mkono kama mtu anayempapasa ng'ombe asiyeweza kumnunua, wanatoka. Mama mmoja anayelima viazi aliniuliza nini kimetokea. Nikamweleza Ukraine, Urusi, meli, gesi inayotengeneza urea. Akauliza, "Sisi tumewakosea nini?" Nikamwambia hatujamkosea mtu, sisi hatuna upande.

"Kama hatuna upande, mbona na sisi tunalipa?"

Tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, Rais Samia alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea hapa hapa Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Ilisaidia, na nashukuru. Niliuza msimu ule kuliko nilivyotegemea. Swali la yule mama, hata hivyo, halikuwa la bei tu. Alikuwa akiuliza kama kukaa kimya kumetukinga. Na kwa hesabu za dukani kwangu, hakukutukinga. Tulilipa kama walivyolipa Wazambia waliosema ndiyo.

Halafu ikaja Januari 2023.

Kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa kule, akaahidiwa msamaha akijiunga na mamluki wa Wagner, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Waziri Stergomena Tax alitoa taarifa, akakumbusha kwamba sheria zetu haziruhusu Mtanzania kuingia jeshi la nchi nyingine. Mwili ulirudi. Alizikwa mkoani kwetu.

Sikuwajua wafiwa na sitasema zaidi ya hapo.

## Cairo, 1964

Baada ya Matema nilianza kusoma usiku, duka likishafungwa. Nilikuwa natafuta jibu la kaka, nikakuta fundo.

Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Cairo, mwaka mmoja tu tangu OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, izaliwe, wakapitisha azimio kwamba kila nchi itaiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Mipaka ya wakoloni, yenye kuwagawa Wanyakyusa na Wangonde, Wamasai, Wasomali, Waewe. Waliikubali si kwa kuipenda. Walijua mkianza kuisahihisha mmoja mmoja hamtalala. Somalia na Morocco zilikataa. Aliyelipeleka azimio lile mkutanoni alikuwa Mwalimu Nyerere.

Sisi. Tanzania ndiyo iliyoliomba bara zima lisiguse mipaka.

Sasa chukua kanuni hiyo ushuke nayo Kyela. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890 unaupitisha mpaka kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, upande wetu, mpaka mdomo wa Mto Songwe. Malawi inasema: hiyo ndiyo mipaka mliyoikuta, na Cairo mlisema wenyewe tuiheshimu. Sisi tunasema mpaka upite katikati ya maji, kama desturi ya mataifa inavyotaka kwa maziwa na mito. Dai hilo tulilianzisha rasmi mwaka 1967. Mwaka uliofuata Rais Banda wa Malawi akajibu kwa kudai hata nchi kavu ya huku kwetu. Mwaka 2012, Malawi ilipokuwa imetoa vibali vya kutafuta mafuta ziwani, Kyela watu walilala na redio masikioni. Marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wakapewa kazi ya kupatanisha. Mpaka naandika haya mpaka wa ziwa haujaafikiwa.

Nilipofika hapo nilifunga simu nikakaa gizani. Maana nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini katika hili la ziwa tuna haki kama jua la mchana. Kumbe kisheria silaha ya jirani yetu imechongwa na mikono yetu.

Nikaendelea kusoma, fundo likazidi kukazika. Usiku ule wa Februari 2022, kabla vifaru havijavuka, balozi wa Kenya Martin Kimani alisimama kwenye Baraza la Usalama akaitetea Ukraine kwa hoja ya mipaka ya Afrika: kwamba sisi nasi tulirithi mistari tusiyoichora, tukaamua kuishi nayo badala ya kumwaga damu. Ile ni hoja ya Cairo. Ni hoja ya Mwalimu. Aliitoa Mkenya, na sisi tulioizaa tukajizuia.

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilifika polepole, na kwa shingo upande.

Kuna mambo mawili yaliyonivuta nyuma, na sitayaficha. La kwanza ni Biafra, lile eneo la Waigbo lililojitenga na Nigeria. Tarehe 13 Aprili 1968, miaka minne tu baada ya Cairo, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Tuliivunja kanuni yetu wenyewe. La pili ni Kagera. Tulipomfukuza Amin hatukuishia mpakani. Tulikwenda mpaka Kampala, Aprili 1979, na kwenye mkutano wa OAU wa Monrovia mwaka ule tulisemwa na wenzetu, Nigeria na Sudan wakiwamo, kwamba tumevuka mpaka wa nchi huru. Kwa hiyo nani anatupa ujasiri wa kumwambia Mrusi asivuke?

Nimelizungusha hili wiki nzima. Kagera naweza kuitetea mbele ya yeyote: Amin alianza, aliingia, akatangaza sehemu ya nchi yetu kuwa yake. Biafra ni ngumu zaidi. Lakini jambo lililonigusa katika yote mawili ni kwamba tuliambiwa. Kuhusu Biafra serikali iliandika maelezo marefu, ikasema kwamba umoja wa nchi una maana pale watu wake wanapoweza kuishi salama ndani yake, na kwamba Waigbo walikuwa wameuawa mpaka imani hiyo imekwisha. Unaweza kukataa. Wengi walikataa, Nigeria ilikasirika vibaya. Lakini ulikuwa na kitu cha kukataa. Kuhusu Amin, Mwalimu alisimama akasema tunao uwezo, tunazo sababu, tunayo nia, na hakuna mtu mzima nchini humu asiyeyajua maneno yale. Alianza na kutaja kosa tulilotendewa ndipo akaja kwenye vita.

Kura ya kujizuia nayo ni msimamo. Inaweza hata kuwa msimamo wa kishujaa. Lakini mtu akijizuia lazima aseme anajizuia nini, la sivyo jirani hawezi kujua kama amefikiri au ameogopa.

## Mtu wa Tosamaganga

Huku kwetu si kwamba hatujawahi kuwa na watu wa kazi hiyo. Augustine Mahiga alizaliwa Tosamaganga, Iringa, akasoma pale pale misheni, na kati ya 2003 na 2010 alikuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa. Mwaka 2005 na 2006 Tanzania ilikaa kwenye Baraza la Usalama, na yeye ndiye aliyekalia kile kiti. Januari 2006, zamu ya urais wa Baraza ilipokuwa yetu, tuliitumia kuleta mezani Maziwa Makuu, vita vya jirani zetu. Katika kuundwa kwa Tume ya Ujenzi wa Amani ya Umoja wa Mataifa, walioongoza majadiliano walikuwa Denmark na Tanzania. Baadaye alipokuwa mjumbe wa Katibu Mkuu kwa Somalia aliihamisha ofisi yake kutoka Nairobi kwenda Mogadishu, Januari 2012, baada ya miaka 17 ya watu kuisimamia Somalia kwa mbali. Mwaka 2020 alirudishwa Iringa kuzikwa.

Namtaja kwa sababu moja. Kuhamia Mogadishu wakati mabomu bado yanalia ni aina ya jibu. Ni kusema: siwezi kuzungumzia nyumba yako nikiwa nimekaa kwa jirani.

## Beni

Kaka hakuniambia habari hii. Niliisoma, nikampigia simu usiku, akasema anaijua, akanyamaza muda mrefu.

Novemba 2018 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia msituni karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, kuwashambulia waasi wa ADF. Walikufa wasiopungua saba, wengi wao wa Malawi, na Mtanzania alikuwamo. Ilikuwa mwaka mmoja tu tangu kambi ya Semuliki ishambuliwe, walipouawa Watanzania wasiopungua 14 usiku mmoja. Msituni mle Mtanzania mmoja alijeruhiwa vibaya, hawezi kutembea, na risasi zinakuja. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimrudia. Akamtoa kwenye risasi, akaanza kumhudumia, akapigwa mwenyewe. Mtanzania alipona. Chitete alikufa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, nishani ya ushujaa wa kipekee, akiwa kaburini.

Watoto wetu wa Kyela wanajua Malawi kama nchi inayotaka ziwa letu. Sijaona shule ya huku inayomfundisha Chitete.

Jambo jingine linalomuuma kaka ni mji wa Goma, huko huko Kongo. Yeye na wenzake waliisukuma M23 mwaka 2013, chini ya brigedi iliyoongozwa na Mtanzania, James Mwakibolwa, jina ambalo Rungwe na Kyela huwezi kulitamka bila mtu kusema ni ndugu yake. Desemba 2023 jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lilikwenda tena, mataifa yale yale matatu. Januari 2025 Goma ikaanguka. Februari wakuu wa Afrika Mashariki na SADC wakakutana Dar es Salaam. Machi SADC ikaamua jeshi litoke.

"Tuliingia kwa sababu gani, tumetoka kwa sababu gani?" kaka aliniuliza kwenye simu. "Sisemi tusingetoka. Nataka niambiwe kama nilivyoambiwa siku ya kwenda."

Siku ya kwenda aliambiwa mengi. Alikumbuka mpaka rangi ya tai ya ofisa aliyewahutubia.

Katikati ya hayo, Aprili 2025, tuligombana na Malawi kwa ndizi na mahindi. Wao walizuia mazao yetu, sisi tukazuia yao, na pale Uyole malori ya kwenda Kasumulu yakapanga foleni siku kadhaa mpaka katazo likaondolewa. Miezi michache nyuma askari wa nchi hizo mbili walikuwa wamezingirwa pamoja Goma. Dereva mmoja wa Blantyre alinunua kwangu maji ya kunywa akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Mama, kwani sisi tumegombana?" Nikamwambia sijui.

Nimechoka kusema sijui.

## Halafu

Basi hili ndilo jibu langu kwa kaka, mpaka hapa nilipofika.

Kama kura ile ya Machi 2022 ingekuwa yangu, leo ningesema ndiyo. Ningesema hivyo kwa ajili ya Cairo, wala si kwa kuwafurahisha wanaotupa misaada. Na siku inayofuata ningewauliza hao hao kuhusu Iraki na kuhusu Gaza kwa sauti ile ile. Nchi isiyo na mabomu makubwa haina ngao nyingine zaidi ya kanuni kwamba mpaka hauvukwi kwa vifaru. Ukiacha kuitetea kwa mtu wa mbali, siku ukiihitaji utaikuta imeota kutu.

Najua anayekaa kwenye kiti cha balozi anabeba mizigo ambayo mimi wa Uyole siioni. Labda kulikuwa na sababu nzuri ya kujizuia. Basi ingesemwa yote, kwa Kiswahili, mpaka ifike kwa yule mama wa viazi, maana yeye aliilipia.

Na kuhusu ziwa, naona tuseme kweli. Tukubali kwamba maandishi ya 1890 hayatupendelei, na kwamba kanuni tuliyoitunga wenyewe inatubana. Kisha tuseme kwa nini bado tunaomba maji. Mkataba ule ule, ibara ya sita, unaruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Mahitaji ya mahali ndiyo Matema. Ni mama mdogo anayeanika usipa, wafinyanzi wa Ikombe wanaopakia vyungu kwenye mitumbwi, MV Mbeya II inayopita na abiria. Hakuna mtu anayeweza kuishi ufukweni akaambiwa maji ni ya ng'ambo. Hiyo ni hoja ya watu, kama tuliyoitoa kwa Biafra, na safari hii hailazimishi mtu kufa. Kwenye Mto Songwe, unaohama mkondo kila mafuriko na kuhamisha mashamba ya watu kutoka nchi hadi nchi, tumeweza kukaa na Malawi tukaunda mpango mmoja wa bonde lote. Ziwani hatujaweza.

Haya nilimweleza kaka Jumapili iliyopita, kwa simu, vocha ikaisha mara mbili. Alisikiliza. Alibisha kuhusu Ukraine. Anasema sijui vita, ndiyo maana natoa kura kwa urahisi. Huenda yuko sahihi. Kuhusu ziwa hakubisha. Aliuliza tu, ile ibara ya sita inasemaje neno kwa neno, nikamsomea.

Kimya kidogo. Nikasikia kuku na mtoto anayeitwa.

"Yaandike," akasema. "Yaandike yote, hata yale niliyokataa. Nataka nimtumie na yule wa Karonga, naye aniambie wao wanasemaje."